Usipotoka Chumbani, Nani Atagonga Mlango?

Hotuba ya daktari wa kituo cha afya cha chuo kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, katika wiki ya kuwapokea. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya waliokosa nafasi ukumbini. Picha zilizooneshwa ukutani zimeachwa.

Makamu Mkuu wa Chuo, Mshauri wa Wanafunzi, wahadhiri, viongozi wa serikali ya wanafunzi, itifaki imezingatiwa. Nanyi mliojibana kule nyuma karibu na mlango mkidhani siwaoni, sogeeni mbele, viti bado vipo.

Wanangu, hamjambo?

Nimepewa dakika 40 nizungumzie afya. Najua mnachokisubiri. Mnasubiri niwaambie mle vizuri, mlale mapema, mnywe maji, mfanye mazoezi. Hayo mmeyasikia tangu mkiwa wadogo, na kama kuambiwa kungetosha, kituo chetu kingekuwa kimefungwa zamani. Kwa hiyo mimi nitaanza na swali, na nitalirudia mpaka mnichoke. Kesho usipotoka chumbani, nani atagonga mlango?

Nyumbani hukuwahi kuhitaji kulijibu swali hilo. Ukikohoa usiku, kuna aliyesikia. Ukiacha chakula, kuna aliyeuliza. Ukinyamaza siku mbili, kuna aliyekuja kukaa ukingoni mwa kitanda chako na kukuuliza una nini. Pengine alikukera, ukamwambia, "Niko sawa, niache." Lakini huyo aliyekukera alikuwa na ujuzi ambao hakuna maabara iliyo nao: alijua ukiwa mzima unakuwaje, ndiyo maana ulipobadilika alitambua mara moja. Leo umefika mahali penye maelfu ya watu, na hakuna hata mmoja anayejua ukiwa mzima unakuwaje. Hilo ndilo badiliko kubwa la afya lililowapata wiki hii. Godoro jipya mtalizoea. Chakula mtakizoea. Kutokuwa na wa kukutambua ndiko kunakonitia hofu mimi.

Nianze na ugonjwa ninaouogopa kila mwaka wa masomo unapofunguliwa: homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria aitwaye meningokokasi. Bakteria huyu ana tabia ya ajabu. Takriban mtu 1 kati ya 10 anaye puani na kooni hivi sasa, na hana habari. Hana homa, hana kikohozi, anaishi naye kwa amani. Anahama kwa ukaribu: kukoholeana usoni, kubusiana, kulala wengi chumba kimoja. Sasa chukua vijana kutoka kila pembe, kila mmoja na vimelea vya kwao, uwaingize bweni moja ndani ya wiki moja. Mnaiona hesabu inavyokwenda? Mara nyingi halitokei lolote. Mara chache bakteria anapenya hadi kwenye damu, au kwenye utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo, na kijana aliyeamka mzima anaweza kufariki kabla saa 24 hazijatimia.

Mwaka 2015 nchini Uingereza, aina ya bakteria huyu inayoitwa W ilipokuwa ikienea kwa kasi, serikali ilianza kuwapa vijana chanjo ya ACWY, inayokinga dhidi ya aina nne kwa pamoja. Na katika mpango ule kundi moja lilitajwa waziwazi: wanaoingia chuo kikuu kwa mara ya kwanza. Hawakutajwa maprofesa. Hawakutajwa wapishi. Mlitajwa ninyi.

Dalili zake za mwanzo ni homa, kichwa kuuma vikali, kutapika, maumivu ya misuli, mikono na miguu kuwa baridi. Baadaye shingo inakakamaa, mwanga unaumiza macho, mgonjwa anasinzia kupita kiasi au anaongea maneno yasiyoeleweka. Wengi mmesikia habari za vipele visivyofifia ukivikandamiza kwa glasi. Ni kweli, vipo. Lakini nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu picha nyingi za vipele hivyo zimepigwa kwenye ngozi nyeupe: juu ya ngozi nyeusi havionekani kirahisi. Tazama viganja vya mikono, nyayo, ndani ya kope, kaakaa la mdomo. Na vinaweza kuchelewa au visitokee kabisa. Anayesubiri vipele ndipo aende hospitali amesubiri mno.

Sasa rudini kwenye zile dalili za mwanzo. Homa, kichwa, kutapika, uchovu. Zinafanana na nini? Na mafua. Zinafanana na mtu aliyekesha kwenye sherehe. Mgonjwa mwenyewe atakwambia, "Niache nilale tu, nitakuwa sawa," na anaamini anachosema, kwa sababu ubongo anaoutumia kujipima ndio huo huo unaoshambuliwa. Hawezi kuwa hakimu wa kesi yake. Anayeweza kuokoa maisha yake ni wewe wa kitanda cha pili, unayerudi kutoka maktaba ukamtazama, ukatoka, ukarudi baada ya muda mfupi ukamtazama tena na kuona kwamba hali inazidi. Ukiona inazidi, hupigi simu nyumbani kwao kuomba ushauri kwanza. Unampeleka. Tukikuta ni malaria au mafua makali, hakuna atakayekucheka.

Na kabla hatujafika huko, tafuteni kadi zenu za chanjo. Surua inahitaji dozi mbili, na wengi wenu hamjui mlipata ngapi. Matumbwitumbwi nayo yamezuka mara nyingi katika vyuo vya nchi mbalimbali, kwa sababu ile ile ya kubanana. Piga simu leo, uliza kadi iko wapi, mtu aipige picha akutumie. Kazi ya dakika tano.

Nakwenda kwenye jambo la pili, na hili nalisema hasa kwa wale mliokuja na ugonjwa wenu kutoka nyumbani. Kisukari, pumu, kifafa, selimundu. Najua wengi mmepanga kuficha. Mmefika mahali hakuna anayewajua kama "yule mgonjwa", na mnataka kuanza upya. Ninaelewa. Hata hivyo nataka niwape hadithi ya mwanafunzi mmoja.

Mwaka 1921, mjini Toronto, daktari Frederick Banting alipewa maabara kwa miezi ya kiangazi pamoja na msaidizi. Wanafunzi wawili waliokuwapo, Charles Best na Clark Noble, wakarusha sarafu kuamua nani aanze. Best akashinda. Alikuwa na miaka 22, umri wa baadhi yenu hapa. Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mtu wa kwanza kutibiwa kisukari kwa sindano ya insulini waliyoivumbua. Kabla ya hapo, mtoto aliyepata kisukari cha aina ya kwanza alikuwa anangoja kufa tu, na tiba iliyokuwapo ilikuwa kumnyima chakula ili acheleweshe kifo. Leo mwenye kisukari hicho anakaa hapa ukumbini kama yeyote, anasoma, anacheza mpira, anahitimu. Insulini imefanya hivyo.

Lakini insulini hiyo hiyo ikizidi, au ukiruka mlo, sukari ya damu inashuka. Na mtu ambaye sukari imeshuka anakuwaje? Anatoka jasho, anatetemeka, anapepesuka, ulimi unakuwa mzito, anakasirika bila sababu. Mnamfananisha na nani? Na mlevi! Nimewahi kuona kijana akiachwa kwenye benchi nje ya bweni kwa sababu kila aliyepita alitikisa kichwa na kusema, "Hawa wa siku hizi." Hakuwa ameonja pombe. Aliyemwokoa ni mwenzake wa chumbani, kwa kuwa ndiye peke yake aliyekuwa ameambiwa.

Kwa hiyo mwambie mmoja. Sikutumi ukatangaze kwenye kundi la darasa. Mmoja, na umfundishe la kufanya. Sukari ikishuka na mgonjwa anaweza kumeza, mpe kinywaji chenye sukari halisi, sio kile kilichotiwa utamu usio na sukari. Kama hana fahamu, usimtie kitu chochote mdomoni, mlaze ubavu na uite msaada. Mwenye kifafa akianguka, usimshikilie, usimtie kijiko katikati ya meno, ondoa vitu vigumu vilivyo karibu naye na utazame saa: degedege ikipita dakika 5, hiyo ni dharura. Mwenye pumu, mwenzako ajue dawa yako ya kuvuta iko mfuko gani. Mwenye selimundu, mwenzako ajue kwamba maumivu yakianza si ya kuvumiliwa mpaka kesho.

Wanangu, bado tuko pamoja? Haya, tuzungumze usingizi, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo mnapojidanganya zaidi.

Desemba 1963, mvulana wa miaka 17 aitwaye Randy Gardner, mwanafunzi wa sekondari mjini San Diego, Marekani, aliamua kufanya mradi wa sayansi wa shule: kukaa macho muda mrefu kuliko mtu yeyote. Alikaa saa 264. Siku 11. Alikuwa na rafiki zake ambao kazi yao ilikuwa moja tu, kumzuia asilale. (Nanyi mtapata marafiki wa aina hiyo hapa chuoni, hamtahitaji kuwatafuta.) Siku ya mwisho aliombwa afanye hesabu rahisi: aanze na 100, aondoe 7, aondoe 7 tena, aendelee hivyo. Akafika 65, akanyamaza. Alipoulizwa kwa nini ameacha, akajibu kwamba amesahau alikuwa anafanya nini.

Hesabu ya kutoa saba! Na kuna mtu humu ndani tayari ameshapanga kukesha usiku kucha kabla ya mtihani wake wa kwanza.

Mtaniambia, "Daktari, siku 11 ni nyingi, mimi nakesha siku moja tu." Sawa. Mwaka 1997 watafiti wawili nchini Australia walilinganisha watu waliokaa macho na watu waliokunywa pombe, kwa kuwapa kazi moja ya kupima umakini wa jicho na mkono. Baada ya saa 17 za kukaa macho, matokeo yalifanana na ya mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi zinakukataza kuendesha gari. Baada ya saa 24, yalifanana na kiwango mara mbili ya hicho. Saa 17 si ajabu kubwa: ukiamka saa 12 asubuhi, zinatimia saa 5 usiku. Basi yule anayeingia chumba cha mtihani bila kulala kabisa, kwa kipimo kile, ameingia amelewa. Angekunywa kweli tungemfukuza. Kwa kuwa amekesha na daftari, tunamsifu kwa bidii.

Tena usingizi ndio wakati ubongo unapoyapanga na kuyaimarisha uliyoyasoma mchana. Anayesoma usiku kucha anamwaga kazi yake mwenyewe. Afadhali usome sura tatu ukalala kuliko usome tano ukaingia nazo kichwani zikielea.

Na kahawa je? Unapokaa macho, ubongo unakusanya kemikali iitwayo adenosini, na kadiri inavyoongezeka ndivyo unavyosinzia. Kafeini haiondoi adenosini hata chembe. Inakuja kukalia kiti chake tu, na adenosini inabaki imesimama nje ikingoja zamu. Kafeini ikiondoka, uchovu wote unaingia kwa mkupuo. Na haiondoki upesi: kwa mtu wa kawaida inachukua kama saa 5 nusu yake kutoka mwilini. Kikombe cha saa 11 jioni, saa 4 usiku nusu yake bado iko kazini. Halafu unalala vibaya, unaamka umechoka, unakunywa viwili. Vile vinywaji vya makopo vya kuongeza nguvu ni hadithi hiyo hiyo na sukari juu yake.

Niwatetee kidogo, maana nao wazee wanawaonea. Katika umri wenu saa ya mwili imesogea mbele. Homoni ya usingizi, melatonini, inachelewa kupanda jioni, kwa hiyo kukosa usingizi saa 3 usiku na kuona taabu kuamka alfajiri si uvivu, ni maumbile. Hitaji lenyewe halijapungua, bado ni saa 7 hadi 9. Unaloweza kulifanya ni kuamka saa ile ile kila siku, hata Jumapili, na kutoka nje upate mwanga wa asubuhi, kwa sababu mwanga ndio unaoirekebisha saa hiyo. Simu iwe mbali na mkono. Najua mnacheka. Chekeni, lakini iwe mbali na mkono.

Chakula nitakigusa kwa habari moja tu ambayo sitaki muisahau. Mwaka 2008 mjini Brussels, mwanafunzi wa miaka 20 alirudi kutoka masomoni akapasha tambi zilizopikwa siku tano nyuma, zilizokuwa zimeachwa jikoni nje ya friji. Dakika 30 baadaye kichwa na tumbo vikaanza kuuma, akatapika kwa saa nyingi. Hakutumia dawa yoyote, akalala. Asubuhi alikutwa amefariki. Uchunguzi ulipata bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye katika vyakula vya wanga vilivyopikwa na kuachwa kwenye joto la kawaida huzaliana na kutengeneza sumu. Ini lake lilikuwa limeharibika.

Kifo kama hicho ni nadra sana, na sikisimulii ili muogope sahani. Nakisimulia kwa sababu ya imani moja iliyojaa mabwenini, kwamba ukishapasha chakula kikachemka, umekisafisha. Moto unaua bakteria, lakini sumu hii haivunjwi na moto wa jikoni. Imeshatengenezwa, ipo, utaila ikiwa ya moto. Chakula kilichopikwa kisizidi saa 2 nje. Huna friji? Pika cha kumaliza, au pikeni pamoja mkimalize. Kula pamoja kuna faida nyingine nitakayoisema baadaye kidogo.

Sasa vidonge. Kila bweni lina "daktari" wake. Mnamjua au mtamjua. Ana mfuko wa dawa zilizobaki za watu mbalimbali, na ukisema koo linauma anakupa vidonge viwili vya antibiotiki. Ana roho nzuri, hilo sikatai. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alipopokea Tuzo ya Nobel Desemba 1945 alimaliza mhadhara wake kwa kisa cha kubuni kuhusu mtu kama huyo. Bwana mmoja anaumwa koo, ananunua penisilini, anajipa kidogo, isiyotosha kuua vimelea ila inayotosha kuvifundisha kuizoea. Anamwambukiza mkewe. Mke anapata nimonia, anapewa penisilini, haifanyi kazi. Mke anafariki. Fleming akauliza: ni nani aliyesababisha kifo hicho? Ilikuwa 1945, dawa ndiyo kwanza inaingia mitaani, na mgunduzi wake mwenyewe alikuwa anaonya.

Koo nyingi zinazouma na mafua karibu yote huletwa na virusi, na antibiotiki haina la kufanya na virusi. Angalia pia parasetamoli, kwa sababu ndiyo mnayoidharau. Kwa mtu mzima mwisho ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Ukimeza hii na ile bila kusoma maandishi, unapitiliza bila kujua. Ini likiumia halikwambii siku hiyo hiyo.

Pombe. Shirika la Afya Duniani lilitamka Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Ushauri wangu ni huo huo, usianze. Lakini mimi ni daktari, naongea na watu wote, hata watakaokunywa, na hata wasiokunywa watakaoitwa usiku wakamtazame aliyekunywa. Ini linavunja pombe kwa mwendo wake, halikimbizwi na kahawa wala maji baridi ya kuoga. Na neno hatari kuliko yote usiku huo ni "mwacheni alale." Mtu akishalala, pombe iliyo tumboni inaendelea kuingia kwenye damu, na akitapika akiwa chali anaweza kusongwa na matapishi yake. Mlaze ubavu. Mtu abaki naye. Kama haamki ukimtikisa, anapumua polepole au kwa kukatakata, midomo au fizi zimegeuka rangi, ita msaada hapo hapo, na usiogope kusema amekunywa nini. Mimi si polisi, wala si mzazi wake.

Kuhusu mapenzi nitasema machache, na yote nataka yabaki. Ridhaa ni ya kusemwa, inaweza kuondolewa wakati wowote, na mtu aliyelewa au aliyelala hawezi kuitoa. Kondomu zipo kituoni, chukua bila kujieleza. Na kama jambo limetokea, kondomu imepasuka, hukutumia, au umelazimishwa, saa zinakwenda: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, yaani PEP, lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora, kisha utazimeza siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vina nafasi hadi saa 120, lakini nguvu yake inapungua kila siku inayopita. Aibu itakayokuweka chumbani siku nne itakufungia mlango wa PEP na kuubana huo wa pili. Njoo usiku. Njoo na kofia ukipenda. Hatuulizi umetoka kwa nani.

Mazoezi, kwa ufupi. Daktari Jeremy Morris alitoa utafiti mwaka 1953 kuhusu mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kutwa nzima, kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi kutwa nzima. Makondakta walikuwa na ugonjwa wa moyo mara chache kuliko madereva, na ulipowapata haukuwa mkali kiasi kile. Kampuni moja, barabara zile zile. Hakuna aliyekwenda ukumbi wa mazoezi. Panda ngazi, tembea kwenda darasani, ukisoma saa nzima inuka. Morris mwenyewe alifariki 2009 akiwa na miaka 99.

Nimebakiza kubwa.

Kuna mwanafunzi alikuja kwangu analalamika kichwa. Nikapima, hakuna kitu. Akarudi, sasa ni tumbo. Nikapima, hakuna kitu. Akarudi tena, usingizi. Siku hiyo nikaweka kalamu chini nikamuuliza, "Huwa unakula na nani?" Akanyamaza muda mrefu, kisha machozi yakamtoka. Alikuwa hajala na mtu tangu afike. Alikuwa anaogopa kuingia ukumbi wa chakula asije akaonekana amekaa peke yake, kwa hiyo alikula chumbani, kisha akaacha na kula.

Wangapi kati yenu mmeingia ukumbi huu leo mkahisi wengine wote tayari wana marafiki isipokuwa wewe? Msinyooshe mikono. Mimi najua jibu, kwa sababu mnaniambia kila mwaka, mmoja mmoja, kila mmoja akidhani ni yeye tu.

Mwaka 1938 Chuo Kikuu cha Harvard kilianza kuwafuatilia wanafunzi wake 268, wote wanaume, kujua nini kinamfanya mtu aishi vizuri. Waliwapima miili, wakawahoji, wakaendelea kuwafuata mpaka uzeeni. Mmoja wao alikuja kuwa Rais wa Marekani, John F. Kennedy. Baada ya miongo mingi, jambo lililojitokeza kwa nguvu zaidi kuhusu nani atakuwa na afya na furaha uzeeni halikuwa fedha wala umaarufu. Lilikuwa ubora wa uhusiano wake na watu.

Kukumbuka nyumbani wiki za mwanzo si ugonjwa. Utalia usiku mmoja au miwili, na taratibu itapungua. Lakini huzuni ikikaa karibu kila siku kwa wiki mbili, ukapoteza hamu ya vitu ulivyovipenda, ukawa hulali au unalala mno, ukahisi huna thamani, hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona ina tiba. Umri wenu ndio umri wake. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa 2005 ulionesha kwamba robo tatu ya matatizo ya akili huwa yameshaanza mtu anapofika miaka 24. Haijakupata kwa sababu wewe ni dhaifu wala kwa sababu hujaomba vya kutosha.

Na ukiona mwenzako amebadilika, amejitenga, anagawa vitu vyake, anasema heri asingekuwepo, muulize. Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Watu wanaogopa kwamba swali hilo litampa wazo. Halimpi. Kwa wengi ni mara ya kwanza mtu kuwaruhusu kusema. Akisema ndiyo, usimhubirie, usimwambie afikirie wazazi. Kaa naye, usimwache peke yake, mpigieni mshauri nasaha au mje naye kituoni mkiwa wawili. Na kama amekuomba uahidi kutomwambia mtu, ahadi hiyo ivunje. Mimi nitakuwa shahidi wako kwamba ulifanya vema.

Sasa nataka mfanye kitu kabla hatujatoka. Mgeukie aliyekaa kulia kwako, yule usiyemjua. Anayemjua wa kulia amgeukie wa kushoto. Mwambie jina lako na bweni lako. Mpe namba ya simu. Mkubaliane saa moja ya siku ambayo mtajuliana hali, hata kwa ujumbe wa neno moja, na mtu asipojibu mpaka jioni, mwenzake aende. Fanyeni sasa, nawasubiri.

…

Kelele hizo nimezipenda. Wauguzi wako meza ya nyuma kushoto na orodha ya chanjo, mwenye kadi aanze, asiye na kadi aandikishe jina lake, tutamtafutia. Namba ya dharura ya kituo imebandikwa mlangoni, iwekeni kwenye simu kabla hamjashuka ngazi. Mwenye swali la siri anione nje, sina haraka. Maswali ya wazi tuanze nayo hapa hapa. Wewe wa shati la bluu, mkono wako uko juu tangu niliposema kahawa. Uliza.